Dada Anarudi Mlimani Kuifuata Sauti Yangu, Nami Sikuita

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijashika kalamu nimeapa kwamba leo nitakueleza yote, hata pale nitakapoonekana mjinga, hata pale ambapo mimi mwenyewe nashindwa kuamini ninachokiandika, kwa sababu ukinishauri juu ya nusu ya habari nitakuwa nimekupotezea muda na dada yangu atakuwa ameshapanda. Mimi ni msichana wa sekondari, nina miaka kumi na sita, na ukurasa wako nausoma kila Jumamosi mama akishaumaliza. Naomba unisamehe kwa sentensi zangu, mwalimu wetu wa insha husema ninaandika kama mtu anayeteremka ngazi mbio, lakini leo nikiweka nukta nyingi nitapata nafasi ya kuogopa.

Nyumbani tuko watatu, mama, dada na mimi. Mama ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Dada amenipita miaka kumi na mmoja, ndiye aliyenifundisha kusoma na kufunga kamba za viatu, na kwa sababu tangu nianze kutembea nilikuwa namfuata kila aendako, hata chooni nikimngoja mlangoni, waliniita Kisigino, na jina likanikaa, na kusema kweli nalipenda, kwa kuwa kisigino hufika kila mguu unapofika, ila kinafika nyuma.

Dada ana kampuni changa. Yeye na mwenzake, ambaye sote tunamwita Fundi, wanatengeneza kifaa kidogo kama kibiriti kinachobandikwa ndani ya friji za dawa kwenye zahanati, na friji ikianza kupata joto kinamtumia muuguzi ujumbe kwenye simu kabla chanjo hazijaharibika. Ofisi yao ni chumba kimoja juu kabisa ya jengo ambalo chini yake kuna duka la magodoro. Ngazi ni nyembamba na ndefu, na kila anayepanda husimama penye dirisha lililovunjika apumzike, na dada akisikia mgeni anapumzika hapo hutoa kichwa mlangoni akampigia kelele, "Panda tu, bado kidogo!" Fundi humwambia, "Siku moja mtu atafia kwenye hiyo bado kidogo yako, waje watuulize sisi." Dada anamjibu, "Akifia ngazini si mgeni wetu huyo, ni wa duka la magodoro. Watamlaza."

Naandika habari ya neno hili kwa makusudi, Mshauri. Dada analisema kwa kila mtu. Wateja wakiuliza kifaa kipya kitatoka lini, bado kidogo. Kijana aliyekuwa akiwaandalia matangazo alipouliza kama kampuni itasimama au aanze kutafuta kazi kwingine, bado kidogo, akangoja, akachoka, akaondoka. Mama akimpigia simu kumuuliza atarudi lini kulala kitandani kwake badala ya kwenye viti vya ofisi, bado kidogo, mama, mpaka siku moja mama akakata simu akasema, "Hiyo bado kidogo imekuwa kama jirani wa nyumba ya pili, kila siku naisikia sauti, sura siijui." Tulicheka sana siku hiyo.

Kwenye ubao mweupe wa ofisi dada amechora mlima, na kwenye mlima kuna vibendera, hapa wateja wa kwanza, hapa mwekezaji, hapa zahanati za nchi nzima, na juu kabisa hakuandika kitu, ameacha wazi. Kila Jumatatu anagonga ubao kwa kalamu na kusema, "Kampuni ni mlima, jamani. Anayetazama chini ndiye anayeanguka." Basi wodi ya mama ilipokosa vitanda vya joto vya watoto, dada akasema kwa nini tusipande mlima wa kweli, watu waahidi kuchangia tukifika kileleni, watoto wapate vitanda na dunia ione kwamba sisi hatuachi kitu njiani. Shule yetu nayo ikaahidi mchango, mimi nikaomba kwenda, mama akakataa, dada akambembeleza, mama akakubali kwa sharti kwamba nisitoke mgongoni mwa dada.

Kiongozi wetu wa mlimani alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu wa sokoni, anaitwa Mama Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni. Langoni alitupanga akasema, "Huko juu nikimsikia mtu anasema bado kidogo, namrudisha nyumbani."

Fundi akaangua kicheko. "Mama, umemnyang'anya bosi wetu lugha yote. Sasa atabaki bubu."

Dada naye akacheka. "Kwani tuseme nini?"

"Sema ulipo," akasema Mama Filimbi. "Sema umechoka, sema unaona jiwe, sema huoni kitu. Hiyo nyingine haikuambii lolote, na mkishaizoea hamjui tena ni nani kaisema."

Siku ya kileleni, mwezi uliopita, tulitoka kambini alfajiri. Kulipokucha vizuri ukungu ukashuka, si ule unaopita, ni ule unaokaa, mweupe kila upande mpaka ukinyoosha mkono glovu inaanza kufifia. Mama Filimbi alikuwa mbele, kisha dada, kisha mimi, na Fundi nyuma. Tulipofika kwenye jiwe lenye alama nyekundu, Fundi akakaa chini akasema kichwa kinampasuka, akatapika. Mama Filimbi akatuambia mimi na dada, "Kaeni hapa. Msiondoke mpaka mnione kwa macho," akamshika Fundi mkono, akamteremsha kidogo mahali pasipo upepo.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu, glovu zikanisumbua, nikakawia, na nilipoinua kichwa dada hayupo.

Nikaita. Nikaita tena. Kisha nikaisikia sauti yake, juu kidogo, mbele: "Njoo, mdogo wangu. Bado kidogo."

Sikuogopa, nilifurahi kwamba nimempata, nikamfuata. Nilipopanda, sauti nayo ilipanda, nikisimama inasimama, kila mara iko umbali ule ule, na kila mara ni maneno yale yale. Nilikuwa nahema mpaka kifua kinauma, na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo hata sasa linanitoa usingizini. Kule juu kila mtu anahema. Hata ukitaka kusema "ndiyo" unaikata katikati uvute hewa. Lakini sauti ile haikuwa ikihema. Ilisema maneno yake kwa pumzi moja, laini, kama mtu aliyekaa kwenye kiti sebuleni.

Nilikuwa nikiwaza hilo nilipogonga kitu kwa uso. Lilikuwa begi la dada. Alikuwa amesimama mbele yangu, amenipa mgongo, akitazama ukungu. Nikashika mkanda wa begi lake, nikachungulia kwa ubavuni, na hapo nilipokuwa nimeushika, sauti yake ikatoka tena mbele, "Bado kidogo," na mimi naliona shavu lake, nauona mdomo wake, na mdomo haukufunguka.

Kisha ukafunguka. Akasema kwa kuhema, akimwambia aliye mbele, "Nakuja, Kisigino. Usi... usiende mbali. Nakuja." Akainua mguu.

Nikauvuta ule mkanda kwa nguvu zangu zote. Dada akageuka, akanitazama mimi, akatazama kwenye ukungu, akanitazama tena. "Umepitaje nyuma?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, Mshauri. Ningesema sikupita, nilikuwa nyuma muda wote. Lakini niliogopa kwamba nikisema hivyo atageuka kuangalia nani yuko kule, basi nikasema, "Nilirudi. Nilirudi kukuchukua."

"Kukoje huko?"

"Kawaida tu," nikasema.

Filimbi ikalia nyuma yetu, nasi tukaifuata kwa kutambaa mpaka Mama Filimbi akatokea. Hakutugombeza. Alimkalisha dada chini kwa sababu alikuwa amebanwa na kikohozi, akamfunika blanketi mpaka masikioni, kisha akanishika bega akaniuliza mlikuwa mnaelekea wapi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Akasogea hatua chache upande ule, mimi nyuma yake, akaokota jiwe, akalirusha. Tukangoja. Sikulisikia likitua. Mama Filimbi akafuta mikono kwenye suruali yake na kusema, "Kosa ni langu, nisingewaacha," kisha akatuteremsha mpaka langoni. Siku hiyo hakuna aliyefika kileleni.

Tuliporudi, wengi wa walioahidi walitoa hata hivyo, vitanda vimeshafika wodini, mama alilia kwa furaha. Lakini dada hataki kusikia, anasema hiyo ni michango ya huruma. Na pale ofisini, mbele ya watu wote, alinishika mkono akaninyanyua kama mshindi wa mbio, akasema, "Huyu mnayemwona alitutangulia sote. Mimi nimesimama nimechoka, yeye yuko mbele ananiita. Akaenda, akarudi kunichukua! Kuanzia leo asiitwe Kisigino, aitwe Taa." Wakapiga makofi. Maisha yangu yote sijawahi kuwa mbele ya dada kwa jambo lolote, na nitakuambia ukweli kama nilivyoapa, nilitabasamu, nikanyamaza.

Wiki iliyopita nilikuwa ofisini baada ya shule, nimekaa karibu na dada tunabandika lebo kwenye vifaa, jua la alasiri linaingia dirishani, Fundi yuko kwenye meza yake anachomea nyaya. Kwenye ngazi, pale penye dirisha lililovunjika, mtu akasema, "Dada, bado kidogo." Ilikuwa sauti yangu. Mimi nilikuwa na lebo mdomoni.

Dada hakunitazama mimi. Alitazama mlango, akatabasamu.

Fundi aliinua kichwa. Akaweka chini chuma chake cha moto, akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, akarudi kukaa. Mimi sikumuuliza kitu.

Sasa dada amepanga kurudi mlimani Jumamosi ya tarehe 27, mimi na yeye tu. Mama Filimbi amekataa kutupeleka, na dada amesema hatumhitaji. "Wewe si ulishapita? Tutafuata njia yako. Kama ulienda na ukarudi, basi kuna pa kukanyaga." Kwa mama amesema tunakwenda semina. Nilimwambia dada naogopa, nina mitihani, pengine nisiende. Alikuwa anafunga begi lake, akanijibu kwa upole kabisa, "Usipotaka kuja, basi. Najua nitakukuta huko."

Nampenda dada yangu, na bado nina tumaini, maana akicheka ni yule yule wa zamani, na juzi alinisahihishia hesabu zangu vizuri mpaka usiku ukaingia bila sisi kujua. Lakini nikinyamaza atapanda kwa sababu ya neno langu. Na nikisema ukweli, kwamba mimi sikuwa mbele yake hata mara moja, kuna kitu kimoja ataniuliza, na hicho ndicho ninachokuuliza wewe, na nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza: akiniambia, "Basi aliyekuwa ananiita ni nani?", nimjibu nini?

Mimi wako,
Kisigino

MSHAURI ANAJIBU

Kisigino,

Nakuita kwa jina hilo makusudi, na utaona sababu. Barua yako haikungoja zamu. Jibu hili limeletwa kwa mkono shuleni kwako, kwa anwani uliyoandika kwenye bahasha, na mwalimu wako wa insha amepigiwa simu asikuache uanze somo lolote kabla hujalisoma. Wasomaji wengine wataliona baadaye, kwa ruhusa yako.

Nianze na kukugombeza, tulimalize. Wewe ni binti mwema, na umesema uongo wa hatari kuliko mabinti wote wabaya walioniandikia mwaka huu. "Nilirudi." Neno moja, na umeweka ardhi mahali pasipo na ardhi. Halafu ukaongeza "kawaida tu", kama mtu anayesifia barabara ya lami. Dada yako si mjinga. Amefikiri sawasawa kabisa kutokana na kile ulichompa, kwamba mtu aliyetoka kule akiwa mzima, basi kule kunapitika. Hiyo njia umemtengenezea wewe kwa mdomo wako, na ni wewe tu unayeweza kuifunga.

Sasa pole, mwanangu. Nimekugombeza lakini nakuelewa. Umekuwa nyuma miaka kumi na sita, siku ya kwanza kuitwa Taa, nani asingetabasamu? Mimi ningetabasamu mpaka masikioni. Na kule juu, katika ukungu ule, ulisema kilichokujia ili ageuke, naye akageuka. Mkanda wa begi uliushika. Hilo hakuna wa kukunyang'anya.

Nilimuuliza daktari ninayemwamini kuhusu hizo sauti. Akanieleza vizuri, kwamba hewa ikiwa nyepesi ubongo huchoka, na wapandaji wengi husikia watu wasiokuwepo. Nikaridhika. Kisha nikamuuliza, wawili kwa pamoja, kila mmoja asikie sauti ya mwenzake? Na wiki kadhaa baadaye, chini kabisa, juu ya duka la magodoro, saa za alasiri? Akaniuliza kama nina swali lingine.

Basi sitakuambia ni nini. Sijui. Na mtu yeyote akikuambia anajua, mkwepe, hasa akikukaribisha uje karibu ujionee.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Ijumaa jioni. Mwambie mama kwanza. Hakuna semina, kuna mlima. Mama yako ni muuguzi wa watoto wasiotimiza wakati, ameshasikia habari mbaya akiwa amesimama na akaendelea na kazi, atakusikiliza. Akishasikia, achukue viatu vya kupandia vya dada yako avifungie kabatini kazini kwake. Atafoka, sawa, na afoke, anayefoka yuko nyumbani.

Mwite Fundi. Mtu hafungi mlango kwa ufunguo alasiri yenye jua kwa sababu ya upepo. Alisikia. Mwambie aseme mbele ya dada yako alichosikia na ulikokuwa umekaa wewe wakati huo. Na Mama Filimbi apigiwe simu, asimulie habari ya jiwe lile kwa mdomo wake. Amejilaumu vya kutosha, atafurahi kupata la kufanya. Dada yako hakuliona jiwe likirushwa, alikuwa amefunikwa blanketi, na wewe uliliweka moyoni kama siri yako. Litoe.

Na wewe usipande. Hata akikubembeleza, hata akisema ni kwa ajili ya watoto. Watoto wameshapata vitanda. Hakuna kitoto kilicholala kwenye joto lile kitakachouliza kama mliofanya mchango mlifika juu au mliishia katikati.

Na wewe dada mkubwa, maana najua barua hii itafika ofisini kwako hata ikibidi kupandishwa ngazi zote hizo, nina neno nawe. Mdogo wako anaona kampuni yako na mlima ule vimefanana, na mimi naona hivyo pia, ila si kwa sababu ya vile vibendera. Kote kuwili unakwenda mbele kwa kuwa kuna sauti inakuambia umekaribia, na kote kuwili umeacha kuuliza ni sauti ya nani. Kijana wa matangazo aliiamini, akabaki ngazini mpaka akachoka. Mama yako ameingoja mpaka ameigeuza mzaha. Ulipelekwa mlimani ukafundishwa langoni kabisa, sema ulipo, nawe ukacheka. Futa mlima huo ubaoni. Jumatatu andika pale palipokuwa na kilele mahali mlipo kweli, vifaa vingapi vinafanya kazi, vingapi vimekufa, nani amechoka. Mtu akikuuliza lini, mwambie kilichobaki ni hiki na hiki, au mwambie hujui. Neno lile lingine lisisikike tena kwenu, ofisini wala nyumbani. Likisemwa na mmoja wenu, mtashindwa kulitambua siku litakaposemwa na asiye wenu.

Narudi kwako, Kisigino. Umeniuliza umjibu nini dada yako akikuuliza ni nani aliyekuwa anamwita.

Mjibu, "Sijui, dada. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika begi lako." Akiuliza tena, rudia hivyo hivyo. Usibuni, usipambe, usimpe jina huyo mwingine. Yeye asiwe na jina katika nyumba yenu. Wewe unalo, na jina lako linasema mahali ulipo. Taa inaweza kuwa mbele, hata mbali mbele, hata mahali pasipo na ardhi. Kisigino hakiwezi. Mwombe dada yako akurudishie jina lako, na uliitikie.

Jambo la mwisho. Katika barua yako yote kuna kitu kimoja ulichokiona wewe peke yako, na ndicho kilichoniambia una akili ya kumwokoa. Kile cha ukunguni kina sauti yako, kina sauti yake, kinajua mnavyoitana. Lakini hakihemi.

Basi usiende kumwambia ukiwa umetulia, umejipanga, na maneno laini mdomoni. Kama bado yuko ofisini muda huu, zipande zile ngazi mbio, usipumzike penye dirisha, na usimwite ukiwa njiani. Fika mpaka alipo, umshike mkono, na kabla hujasema lolote, mwache akusikie unavyohema.

Mshauri wako